Kurudi kazini baada ya ugonjwa: barua ya mganga peke yake haitoshi

Katika migodi ya Kolwezi kama katika ofisi za Goma na Bukavu, mfanyakazi anayetoka kwenye likizo ya ugonjwa hurudi na barua ya mganga mkononi. Barua inasema anaweza kufanya kazi. Haisemi atakunywa dawa saa ngapi akiwa zamu ya usiku, wala atafanya nini mgongo ukianza tena kumuuma ndani ya lori.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inamlinda mgonjwa: mkataba unasimamishwa bila kuvunjwa, naye anaendelea kupata theluthi mbili za mshahara. Lakini ugonjwa usiotokana na kazi ukizidi miezi 6 mfululizo, mwajiri anaweza kuvunja mkataba. Kwa mzazi mwenye karo za shule, hofu hiyo inatosha kumrudisha kazini kabla hajapata nguvu.

Hapo ndipo unahitajika msaada wa kujisimamia. Maana yake si kumwachia mgonjwa mzigo wake. Ni kumfundisha kutambua dalili mapema, kugawa nguvu zake na kueleza shida yake bila haya. Mwenye kisukari apange saa za kula. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Mwenye maumivu ya kawaida ya mgongo aendelee kutembea, na kazi nzito azirudie polepole.

Mafunzo ya namna hiyo yaliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, huchukua wiki 6, saa 2 na nusu kila wiki. Viongozi wake si lazima wawe waganga. Wengi ni watu wanaoishi na ugonjwa wa kudumu. Ukumbi wa sendika unaweza kutosha.

Mfanyakazi hawezi kujisimamia ikiwa mkubwa wake hajui lolote. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipendekeza kwamba wanaorudi baada ya matatizo ya afya ya akili wapewe matibabu pamoja na mabadiliko ya kazi. Kabla ya siku ya kwanza, pande hizo mbili ziandike: kazi gani isubiri, mapumziko ni saa ngapi, na nani aambiwe hali ikibadilika.

Kamati za usafi na usalama zipo kisheria ndani ya makampuni. Zinaweza kuanza na karatasi hiyo moja.