Kanisa la Kale Lisibomolewe Haraka: Mfano wa Houghton-on-the-Hill

Mara nyingi kamati za ujenzi hutuuliza: kanisa la zamani likichakaa, tubomoe au tukarabati? Katika toleo hili tunawaletea historia ya kanisa moja la Uingereza ili itusaidie kutafakari.

Kanisa la St Mary's liko Houghton-on-the-Hill, katika jimbo la Norfolk. Lina umri wa zaidi ya miaka 900. Wakazi wa kijiji walipungua, na katika karne ya 20 ibada zikakoma. Paa liliharibika, na mimea itambaayo ikafunika kuta na mnara.

Mwaka 1992 Bibi Gloria Davey alilikuta gofu hilo akiwa matembezini. Mumewe Bob, mhandisi mstaafu na mzee wa kanisa katika usharika wa jirani, alikuta dalili kwamba watu walilitumia kwa ibada za kishetani. Hakusubiri mfadhili. Alianza kufyeka kwa mikono yake, na wengine wakajiunga naye kwa kujitolea. Baadaye ilipatikana misaada, paa likarudishwa na mnara ukatengenezwa.

Wakati wa kazi hiyo lipu ilibanduka, na chini yake zikaonekana picha za ukutani zikiwemo za Utatu Mtakatifu na Hukumu ya Mwisho. Wataalamu wanakadiria kuwa zilichorwa mnamo mwaka 1090, hivyo ni miongoni mwa picha za kale kabisa za makanisa ya Uingereza. Kama kuta zingebomolewa, ushuhuda huo ungepotea kabisa. Bob aliendelea kulitunza kanisa hilo kwa miaka mingi, hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2021.

Tunajifunza mambo matatu:

1. Adui wa kwanza ni maji. Paa na mifereji vikaguliwe kabla ya kila masika.

2. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa uzibwe kwa chokaa. Saruji ni ngumu, hufungia unyevu ndani, na mawe huanza kumomonyoka.

3. Kazi ianze na washarika wenyewe. Mfadhili huongeza nguvu pale anapokuta kazi imeanza.

Tunaziomba kamati zimwite fundi mwenye ujuzi akague jengo kabla ya kuamua kulibomoa. Nanyi wafadhili wetu, tunawaomba mkumbuke kwamba ukarabati nao ni ujenzi.