Betri Kwanza, Paneli Baadaye: Kuhifadhi Umeme wa Jua Kiirua

Kiirua, katika eneo la Buuri kwenye Kaunti ya Meru, iko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambako mlima huzuia sehemu kubwa ya mvua inayoletwa na pepo za Bahari Hindi, na kwa sababu hiyo wakulima wa viazi na ngano wa huko hulalamikia ukame mara nyingi kuliko wanavyolalamikia mawingu. Jua, basi, si bidhaa adimu. Kilicho adimu ni umeme wa saa mbili usiku, na chombo cha kuuhifadhi, yaani betri, ndicho kinachoamua kama seti ya sola itaifaa nyumba au itabaki kuwa pambo la paa.

Sola imejulikana pande hizi za mlima kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1984, mhandisi Mmarekani Harold Burris alifunga paneli katika Shule ya Sekondari ya Karamugi, iliyokuwa katika Wilaya ya Meru ya zamani, ambako mwenzake Mark Hankins alikuwa mwalimu wa kujitolea. Na kutokana na kazi za aina hiyo, Kenya ikapata mojawapo ya masoko ya kwanza barani Afrika ya sola ya majumbani. Hata hivyo, familia nyingi zilizofuata zilinunua paneli ndogo na kuiunganisha na betri ya gari. Betri hiyo imeundwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha ijazwe mara moja. Inapotumiwa kuwasha televisheni hadi iishe kabisa, salfeti ya risasi huganda juu ya sahani zake na uwezo wake hupungua upesi. Lawama, kwa bahati mbaya, iliangukia sola.

Hesabu inayopaswa kutangulia ununuzi wowote ni ya matumizi, nayo hupimwa kwa wati-saa, yaani wati za kifaa zikizidishwa kwa saa ambazo kinawaka. Nyumba yenye taa tano za LED za wati 7, zinazowaka kwa saa tano, hutumia wati-saa 175. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne hutumia 160. Kuchaji simu nne huchukua takriban 40. Ruta ya intaneti ya wati 10 isiyozimwa hula 240, kiasi kinachoizidi televisheni ingawa hakuna anayeishuku. Na friji ndogo ikihitaji 600, jumla ya siku ni wati-saa 1,215. Friji peke yake imechukua karibu nusu, na mwenye nyumba anayeiacha kwa sasa anaweza kununua betri ya nusu ya ukubwa.

Ukubwa wa betri hupatikana kwa kuzidisha volti zake kwa ampea-saa zilizoandikwa ubavuni, lakini kiasi hicho hakitumiki chote. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 hubeba wati-saa 2,400, na ili idumu haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inayotumika ni 1,200 tu. Betri ya lithiamu yenye fosfeti ya chuma, ya volti 12.8 na ampea-saa zizo hizo, hubeba 2,560, nayo huvumilia kutumiwa asilimia 80 au zaidi, kwa maelfu ya mizunguko ya kujazwa na kutumiwa, pale ambapo ile ya risasi huchoka baada ya mamia. Bei yake dukani hushtua, lakini bei ya haki ya kulinganisha ni ya kila mwaka wa huduma. 

Baada ya betri ndipo paneli zinapohesabiwa. Kwa jua kamili la saa tano na upotevu wa robo njiani, wati-saa 1,215 zinahitaji paneli za wati 324 hivi. Lakini Aprili na Novemba, misimu ya mvua, hesabu hiyo huanguka, na kwa kuwa paneli zimeshuka bei kuliko betri, kuongeza paneli huwa nafuu kuliko kuongeza betri ambayo haitajaa.

Kati ya paneli na betri hukaa chaji kontrola, inayozuia betri kujazwa kupita kiasi, na kati ya betri na vifaa vya nyumbani hukaa inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe wa volti 240. Inveta ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 83 kutoka betri ya volti 12, lakini ampea 21 hivi tu kutoka mfumo wa volti 48. Ndiyo maana mfumo mkubwa wa volti ndogo huhitaji waya nene na za gharama. Mashine ya kukata nyasi za ng'ombe, ambayo mota yake huvuta mkondo mara kadhaa zaidi inapoanza, huweza kuizima inveta ambayo kwenye karatasi inatosha. Fyuzi ikae karibu na betri, na betri ya risasi ikae mahali penye hewa, mbali na jiko, kwa sababu hutoa haidrojeni inapochajiwa.

Tangu kanuni za sola za mwaka 2012, fundi hutakiwa kuwa na leseni, ambayo sasa hutolewa na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati na petroli. Nyumba iliyounganishwa pia na Kenya Power ina sababu ya ziada ya kumtaka fundi huyo: inveta iliyofungwa vibaya inaweza kurudisha umeme kwenye laini iliyozimwa, mahali ambapo mfanyakazi anashika waya akiamini hauna kitu.

Betri ya risasi iliyokufa hurudishwa kwa muuzaji anayekusanya betri kuukuu, haivunjwi uani. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilisumisha damu ya wakazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, katika kesi iliyoendelea hadi Mahakama ya Juu.