Kura 1,565: Ushindi wa Chama, Mtihani wa Nchi



Sisi tuliomaliza umri wetu mbele ya ubao na chaki tulizoea kuwaambia wanafunzi kwamba hesabu haina upande: aliyezidi kwa moja amezidi, na aliyepungukiwa na moja amepungukiwa. Siasa za Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba zimetuonesha kuwa somo lile lilikuwa nusu tu. Kura moja humpa mtu kiti, lakini haimpi nchi.

Wazee wenzetu watakumbuka Januari 1961, ambapo kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Watatu hao walipogawanyika, wawili huku na mmoja kule, Baraza la Kutunga Sheria likawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Uchaguzi ukarejewa mwezi wa Juni mwaka ule ule, na ghasia zilizouandama zikachukua roho za watu 68. Mwaka 1963 ASP ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini ikaambulia viti 13 tu kati ya 31. Uhuru ulikuja Disemba mwaka huo. Januari 12, 1964 yakaja Mapinduzi. Nchi iliyokatika katikati haikuwa imejiuliza mapema itaishi vipi na nusu yake ya pili.

Vyama vingi viliporudi, swali lilikuwa bado linatungoja. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 Dakta Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa kura 165,271, naye Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 163,706. Tofauti ni kura 1,565. Viti vya kuchaguliwa vya Baraza la Wawakilishi vilikuwa 26 kwa 24, na vyote 21 vya Pemba vilikwenda CUF. Kwa hesabu ya namna hiyo, pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusema kuwa wananchi wako nazo. Aliyetangazwa mshindi alichukua serikali yote. Mwenziwe, mwenye karibu nusu ya nchi nyuma yake, hakupata hata wizara moja, na chama chake kiliyakataa matokeo.

Yaliyofuata hayakubaki katika majumba ya serikali. Duka la jirani likawa duka la chama. Watu waliacha kuhudhuria mazishi ya wenzao, na wengine walibadili hata msikiti wa kusalia. Muafaka wa 1999, uliosimamiwa na Jumuiya ya Madola, haukutekelezwa ipasavyo. Baada ya uchaguzi wa 2000 kuzua mzozo mpya, maandamano ya Januari 2001 yalikabiliwa kwa risasi. Watu zaidi ya 30 waliuawa, na zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya.

Lakini tutazame Oktoba 2010. Dakta Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809, na Maalim Seif 176,338. Kwa asilimia, mshindi alipata 50.1, chini hata ya ile 50.2 ya mwaka 1995. Hata hivyo usiku ule Maalim aliyakubali matokeo, na Unguja na Pemba wakalala salama. Wapiga kura walikuwa wale wale, na mgawanyiko ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kuwa Rais Amani Karume na Maalim Seif walikuwa wamekutana Novemba 2009. Julai 2010 wananchi, kwa asilimia 66, wakaridhia katika kura ya maoni Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kabla ya sanduku la kwanza kufunguliwa, kila upande ulijua kuwa atakayekuwa wa pili atakuwa na Makamu wa Kwanza wa Rais na sehemu yake ya mawaziri.

Waswahili husema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hupenda kutupiwa aliyeshindwa peke yake. Sisi tunaona kuwa inamhusu mshindi pia: ni wajibu wake kufanya kushindwa kuwe jambo linaloweza kukubalika. Na hakuna akubaliye hesabu asiyoiamini. Oktoba 28, 2015 uchaguzi mzima ulifutwa kabla ya hesabu kukamilika. Uliporejewa Machi 2016 CUF ilisusia, na mshindi akatangazwa kwa asilimia 91. Tarakimu ilikuwa kubwa, lakini ile nusu nyingine haikuwa imehama nchi. Ilinyamaza tu.

Kwa nini tunayaandika haya hapa Uingereza, mbali na masanduku ya kura? Kwa sababu tumekuja nayo. Imewahi kufungwa harusi katika ukumbi wa mtaa wetu na jamaa wa damu wakakaa mbali, si kwa ugomvi wa urithi wala mahari, bali kwa jina la chama. Na mtoto mmoja wa darasa letu la Jumamosi, aliyezaliwa hapa na asiyewahi kuiona bandari ya Mkoani wala ya Malindi, alituuliza: "Mwalimu, sisi ni watu wa upande gani?" Sisi tuliofundisha zaidi ya miaka thelathini tulikosa jibu la haraka. Swali lile hakulitoa kitabuni, alilisikia nyumbani.

Simu tunazopiga na fedha tunazotuma kwetu huambatana na maneno. Tunaweza kumuuliza ndugu yetu ni nani aliyeshinda. Tumuulize pia kama hesabu imeaminika, na kama asubuhi yake ameamkiana na jirani. Ikiwa hawakuamkiana, basi aliyeshinda ameshinda uchaguzi tu, na kazi ya kuipata nchi bado inamngoja.

Wassalaam.