Simu Inaita Lakini Hakuna Sauti: Kupiga Simu kwa Wi-Fi na Kutafuta Kasoro



Mwaka jana mama mmoja alifika ofisini kwetu asubuhi na mapema, hata kabla mlango haujafunguliwa. Binti yake alikuwa amekwenda Dubai kufanya kazi ya nyumbani. Walikuwa wamekubaliana kuongea kila Jumapili kwa WhatsApp, kwa sababu dukani kwa mpwa wake kuna Wi-Fi na hakuna haja ya kununua kredi. Jumapili ya kwanza simu iliita, binti akashika, lakini sauti haikutoka. Jumapili ya pili ikawa vivyo hivyo. Ya tatu pia. Kijana mmoja hapo sokoni akamwambia kwamba laini ya msichana "imefungwa", na kwamba yeye angeweza kuifungua kwa shilingi 3,000.

"Mwanangu," mama akaniambia, "msichana wangu anashika simu lakini hasemi. Wamemziba mdomo."

Hatukucheka. Sisi tunaofanya kazi ya ustawi wa jamii tumesikia habari za kutosha za wasichana wanaoteseka huko Uarabuni. Lakini pia tumejifunza kwamba kabla ya kuogopa, na kabla ya kumlipa mtu yeyote, inafaa kwanza kujua simu imekatikia wapi. Hilo ndilo somo letu katika ukurasa huu.

SIMU YA WI-FI NI NINI?

Simu ya kawaida ya mkononi inapeleka sauti yako hadi kwenye mlingoti wa kampuni ya simu. Simu ya Wi-Fi haitumii mlingoti huo. Sauti yako inakatwa vipande vidogo vidogo na kupelekwa hadi kwenye ruta, yaani kile kisanduku chenye taa ndogo kinacholeta intaneti nyumbani, shuleni au dukani. Kutoka hapo vipande vinasafiri kwa intaneti, na kule mwisho vinaunganishwa tena kuwa sauti.

Watu wengi hawajui kwamba simu za namna hii ni za aina mbili.

Aina ya kwanza ni simu za programu, kama vile WhatsApp, ambayo ilianza kupiga simu za sauti mwaka 2015 na za video mwaka 2016. Hapa ni lazima wote wawili muwe na programu hiyo hiyo, na wote wawili muwe na intaneti. Hutozwi kredi, lakini unatumia data. Simu ya sauti kwa kawaida haifiki MB 1 kwa dakika. Simu ya video hula zaidi, mara nyingi MB kadhaa kwa dakika.

Aina ya pili ni simu ya kampuni yako mwenyewe ya laini inayopitia Wi-Fi badala ya mlingoti. Unapiga kwa nambari yako ya kila siku, na unayempigia anaweza kuwa na simu ndogo ya vibonyezo tu. Yeye hahitaji intaneti. Kwa kawaida kampuni inakutoza kama simu ya kawaida. Aina hii inafaa sana wale wanaokaa bondeni, au ndani ya nyumba ya mawe ambayo netiweki haiingii, lakini Wi-Fi ipo.

Jambo moja la kukumbuka: WhatsApp haiwezi kupiga 999 wala 112. Ukiwa na dharura, tumia simu ya kawaida.

JINSI YA KUWASHA AINA YA PILI

1. Uliza kampuni yako ya laini kama inatoa huduma hii, na kama inaikubali simu uliyo nayo. Simu nyingine, hasa zilizotengenezwa kwa soko la nchi nyingine, hazina mpangilio huo hata ukitafuta kutwa nzima.

2. Unganisha simu na Wi-Fi kama kawaida.

3. Fungua Mipangilio (ile alama ya gurudumu lenye meno). Juu kuna mahali pa kutafuta. Andika Wi-Fi, kisha utafute mstari unaohusu kupiga simu kupitia Wi-Fi. Uwashe.

4. Sasa jaribu. Gusa alama ya ndege ili kuzima mawasiliano yote, kisha uwashe Wi-Fi peke yake. Ngoja dakika moja. Ukipiga simu na ikaita, basi ujue inapita kwa Wi-Fi, kwa maana njia ya mlingoti umeifunga wewe mwenyewe. Ukimaliza, usisahau kuzima alama ya ndege. Ukisahau, ukitoka tu kwenye Wi-Fi, kila anayekupigia atakupata uko mteja.

VITUO VITANO VYA KUKAGUA

Simu ya Wi-Fi ni kama matatu inayopita vituo vitano. Ikikosa kufika, usilaumu gari lote. Uliza imekwama kituo gani, na uanze na kile kilicho karibu nawe.

Kituo cha kwanza: simu yako.
Zima simu, uiwashe tena. Hili peke yake huponya kasoro nyingi. Halafu angalia saa na tarehe. Simu iliyoishiwa na betri kabisa wakati mwingine huamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na hapo programu nyingi hukataa kuunganisha kwa sababu za usalama. Weka tarehe ijipange yenyewe.

Kama wewe unawasikia wenzako lakini wao hawakusikii, angalia kama programu imepewa ruhusa ya kutumia maikrofoni. Angalia pia tundu dogo lililo chini ya simu, maana vumbi na unga hujaa humo. Kama mtu akikupigia simu haiiti, lakini ukifungua programu unaona umekosa simu, basi huenda umewasha kile kitu cha kuokoa betri au kuokoa data, nacho kimeilaza programu. Kizime, au uiruhusu programu hiyo iendelee kufanya kazi.

Mwisho, simu ikizeeka sana huachwa nyuma. Kwa mfano, tangu mwaka 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.

Kituo cha pili: kati ya simu na ruta.
Sogea karibu na ruta. Sauti ikiwa safi, basi kasoro ilikuwa ni umbali au ukuta. Mawe, mabati na zege huzuia Wi-Fi vibaya sana. Usiifiche ruta kabatini wala nyuma ya televisheni. Iweke juu ya rafu, katikati ya nyumba. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahazi 2.4 na ya gigahazi 5. Yale ya 5 ni ya kasi lakini huchoka haraka ukutani, na yale ya 2.4 hufika mbali zaidi. Ukiona majina mawili ya Wi-Fi na moja linaishia na 5G, na uko chumba cha mbali, chagua lile lingine.

Kituo cha tatu: laini ya intaneti inayoingia kwenye ruta.
Hapa ndipo wengi hudanganyika. Alama ya Wi-Fi ikijaa juu ya simu inamaanisha tu kwamba umeshikana na ruta. Haisemi kama ruta yenyewe ina intaneti. Bando ikiisha, alama hubaki imejaa vile vile. Jaribu kufungua ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo. Usipofunguka, tatizo ni la ruta au bando, si la simu.

Kama ni Wi-Fi ya hoteli, stendi au hospitali, mara nyingi kuna ukurasa wa kukubali masharti au kuandika neno la siri kabla intaneti haijaanza kupita.

Kama ukurasa unafunguka lakini sauti inakatika-katika kama mtu mwenye kwikwi, waulize vijana wa nyumba hiyo nani anatazama filamu. Ukurasa ukichelewa sekunde mbili huumii. Sauti haiwezi kungoja. Muungano wa kimataifa wa mawasiliano, ITU, unapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, yaani kama sehemu ya saba ya sekunde moja. Ndiyo maana intaneti ya zile setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu huwafanya watu wakatizane maneno: kupanda na kushuka peke yake ni karibu robo ya sekunde. Setilaiti za chini, kama za Starlink iliyoingia Kenya mwaka 2023, ziko karibu kilomita 550 tu, na sauti hufika upesi zaidi.

Laini ikiwa dhaifu, acha video, ongea kwa sauti tu. Katika mipangilio ya WhatsApp pia kuna mahali pa kuchagua simu zitumie data kidogo.

Kituo cha nne: simu ya mwenzako.
Mpigie mtu mwingine kwa njia hiyo hiyo. Ukisikilizana naye vizuri, basi upande wako ni mzima. Kasoro iko kwa yule wa kwanza, naye apitie vituo hivi kutoka kwake. Ukisikia sauti yako mwenyewe ikikurudia, kwa kawaida mwangwi huo unatoka kwa mwenzako. Mwambie apunguze sauti ya spika au aweke simu sikioni.

Kituo cha tano: kampuni na sheria za njiani.
Shule na ofisi nyingine hufunga njia ambazo simu hupitia, ingawa kurasa za kawaida zinafunguka. Jaribu Wi-Fi nyingine au data yako mwenyewe. Ikikubali, ujue ni mtandao wa pale uliokataa. Na kuna nchi ambazo hufanya hivyo kwa sheria. Hapo ndipo tunarudi kwa yule mama.

MAMBO YALIVYOKUWA

Tulikagua simu yake kituo kwa kituo. Ilikuwa nzima. Tukampigia mpwa wake kwa WhatsApp, wakasikilizana vizuri kabisa. Ndipo tukafungua mahali pa ujumbe. Palikuwa na duara la kijani lenye nambari 11. Mama huyu hakupata nafasi ya kusoma, na kwa simu yake alikuwa amefundishwa kitu kimoja tu: kugusa alama ya kupiga. Jumbe 11 za binti yake zilikuwa zimelala pale majuma matatu.

Katika Falme za Kiarabu, ambako Dubai iko, simu za WhatsApp zinazuiliwa. Jumbe za maandishi, picha na sauti zilizorekodiwa hupita. Ndiyo sababu simu iliweza kuita, hata kushikwa, na bado pasiwe na sauti.

Tukamwonyesha mama alama ya maikrofoni, akaishika na kusema maneno machache. Baada ya muda jibu likaja: "Mama, mimi ni mzima. Huku simu za WhatsApp hazipiti. Mbona hunijibu? Nilidhani wewe ndiye mgonjwa."

Mama aliusikiliza ujumbe huo mara tatu. Shilingi zake 3,000 zilikuwa bado zimefungwa kwenye leso.

KABLA YA MTU WENU KUSAFIRI

Kila nchi ina kanuni zake. Saudi Arabia iliondoa marufuku ya jumla mwezi wa Septemba 2017, lakini kwa programu zilizotimiza masharti yake. Falme za Kiarabu zina programu zilizoidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano ya huko, kama vile BOTIM. Aulize gharama, kisha nawe nyumbani uweke programu hiyo hiyo.

Tunawasihi wasafiri wasishawishiwe kutumia VPN, yaani programu za kuficha mahali ulipo, ili kukwepa sheria. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamtoza anayeficha anwani yake ya intaneti ili kufanya kosa faini kuanzia dirhamu 500,000, au kifungo. Hakuna mfanyakazi wa nyumbani anayeweza kulipa hizo.

Usimpe mtu yeyote ile nambari ya siri ya tarakimu sita ambayo WhatsApp hutuma. Anayedai "kufungua laini" mara nyingi ndiye anayetaka kuiiba.

Na tusidanganyane: si kila kimya ni cha mtandao. Kubalianeni mapema juu ya njia ya pili, na juu ya siku ngapi za kimya zinatosha kuwatia wasiwasi. Siku hizo zikipita, na vituo vyote mmevikagua, nendeni kwa Idara ya Serikali ya Masuala ya Wakenya Walio Nchi za Nje, au mwasiliane na ubalozi wetu Abu Dhabi au ubalozi mdogo wa Dubai. Bebeni nakala ya pasipoti na mkataba.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni nani anajua kupiga tu, lakini hajui kufungua ujumbe wala kutuma sauti? Nani atamfundisha, na lini?

2. Ni familia gani zilizo na mtu nje? Je, wana njia ya pili ya kuwasiliana?

3. Mara ya mwisho simu ilipokataa, tulimlipa mtu? Ilikuwa imekwama kituo gani?