Magonjwa ya Zinaa na Mafungu Yake



Kwetu Rumonge, katika mashamba ya michikichi, katika viwanda vya mawese na huko ufukweni kwa wavuvi wa ndagala, wako wenzetu wanaougua magonjwa ya zinaa kwa siri. Kwa haya, mtu hununua vidonge viwili vitatu sokoni, akidhani magonjwa hayo yote ni mamoja. Si kweli, na kosa hilo humgharimu mwili wake.

Zamani madaktari walihesabu matano tu: kisonono, kaswende, pangusa, mtoki na donovanosi. Yote matano huletwa na bakteria, na yote hupona kwa dawa inayofaa. Kijidudu cha kisonono kiligunduliwa mwaka 1879, na cha kaswende mwaka 1905.

Siku hizi hesabu imekua. Shirika la Afya Duniani linataja vijidudu zaidi ya 30 vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Vinane ndivyo vinavyoenea zaidi, navyo hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni magonjwa yanayopona: kaswende, kisonono, klamidia na trikomona. Fungu la pili ni ya virusi: SIDA, homa ya ini ya aina ya B, malengelenge ya sehemu za siri, na virusi vya papiloma viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Dawa za SIDA haziviondoi virusi mwilini, lakini anayezimeza kila siku huishi na kufanya kazi. Homa ya ini B na papiloma zina chanjo.

Pasipo na maabara, muuguzi hutumia mgawanyo mwingine, yaani kwa dalili: usaha, kidonda, uvimbe wa kinena, maumivu chini ya tumbo. Dalili moja yaweza kuwa na vijidudu viwili. Usaha, kwa mfano, waweza kutoka kwa kisonono na klamidia kwa pamoja. Kwa hiyo muuguzi hutoa dawa za yote mawili. Vidonge vya sokoni huenda vikaua kimoja na kukiacha cha pili, au vikakifundisha kijidudu kuishinda dawa.

Tena tusidanganywe na kimya cha ugonjwa. Kidonda cha kaswende hakiumi, nacho hufunga chenyewe. Lakini ugonjwa hubaki ndani, na baada ya miaka waweza kushambulia moyo na ubongo. Wanawake wengi wenye kisonono hawaoni dalili yoyote, na mtoto wao aweza kuzaliwa akaambukizwa macho na kupofuka.

Basi, ndugu, twende kituo cha afya mapema, twende pamoja na wake au waume zetu, na dawa tuzimalize. Mama mjamzito apimwe kaswende. Kuugua si aibu. Mali ya mfanyakazi ni mwili wake, tuutunze.