Dhahabu Iliyo Ndani ya Kalisi

Siku za kusafisha sakristia wapo kati yetu wanaoitendea kalisi kama sufuria. Ikififia kidogo, wanashika stili waya na sabuni ya unga. Kalisi inang'aa, ni kweli, ila dhahabu imekwenda na maji.

Kalisi nyingi tulizo nazo si dhahabu tupu, bali ni fedha au shaba iliyopakwa dhahabu. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma, namba 328, yanataka chombo cha metali inayoshika kutu, au iliyo duni kuliko dhahabu, kwa kawaida kipakwe dhahabu upande wa ndani. Sababu ya kwanza ni heshima kwa Damu ya Kristo. Ipo na nyingine: divai ina asidi, nayo asidi huila shaba na kutoa kutu ya kijani iliyo sumu.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa moto. Padre mmonaki aitwaye Theophilus aliieleza katika karne ya 12. Fundi aliyeyusha dhahabu ndani ya zebaki mpaka ikawa laini kama siagi, akaipaka juu ya fedha iliyosafishwa vizuri, kisha akaipasha moto. Zebaki iligeuka mvuke, dhahabu ikabaki imeshikamana na fedha. Ilitoka bila mng'ao, hivyo ikasuguliwa polepole hadi ing'ae. Theophilus aliwaonya mafundi wasiifanye kazi hiyo wakiwa na njaa, maana mvuke ule unadhuru. Dawa zake zilikuwa pilipili, kitunguu saumu na divai! Masikini, hazikuweza kuwakinga na zebaki.

Mwaka 1840 akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, walipata hataza ya kupaka dhahabu kwa umeme. Chombo huzamishwa katika maji yenye dhahabu, umeme ukaigandisha juu yake. Njia hii ndiyo inayotumika sana leo, na mara nyingi tabaka lake ni jembamba kuliko unywele. Haliwezi kustahimili stili waya.

Basi, baada ya kutakaswa kiliturujia, kalisi ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ikaushwe kwa kitambaa cha pamba. Majivu, mchanga na limau vibaki jikoni.

Ikiwa dhahabu imekwisha kulika, paroko aambiwe, ipelekwe kwa sonara. Wengine husita wakidhani baraka itapotea. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni 1305, ilikwisha kulijibu hilo: kalisi haipotezi wakfu wake kwa kulika dhahabu wala kwa kupakwa upya, ila kuipaka tena ni wajibu mzito.