Uanagenzi wa Mtafiti: Malezi ya Wanasayansi Chipukizi Vyuoni

Katika karakana ya seremala, mwanagenzi hapewi randa siku ya kwanza akaambiwa atengeneze kabati. Kwanza hushika mbao zikikatwa, akafagia maranda, akanoa patasi, na huku akitazama mkono wa fundi unavyokwenda. Baadaye hupewa kazi ndogo, akakosolewa, akairudia. Miaka kadhaa hupita kabla ya kuaminiwa kupima, kukata na kuunga peke yake.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya sayansi haina uanagenzi wa namna hiyo. Hudhani kuwa mtu akishavaa joho na kutunukiwa shahada, basi amekwisha kuwa mtafiti, na kilichobaki ni kumpa ofisi na maabara. Dhana hiyo si sahihi. Shahada huonyesha kwamba mtu ameelewa yale yaliyokwisha kugunduliwa na wengine. Kugundua jambo jipya ni ufundi mwingine, nao hufunzwa kwa njia nyingine. Makala haya yanaeleza jinsi ufundi huo unavyopatikana katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, nafasi za mafunzo zilizokwisha kubuniwa, na mahali ambapo vijana wengi hukwama.

Ngazi za chuo kikuu

Nchini Tanzania, mhitimu aliyefaulu vizuri sana katika shahada ya kwanza anaweza kuajiriwa na chuo kikuu kuwa mkufunzi msaidizi. Akipata shahada ya uzamili hupanda na kuwa mhadhiri msaidizi. Akipata uzamivu huwa mhadhiri. Kutoka hapo ngazi huendelea: mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na hatimaye profesa. Katika ngazi za juu kupanda hutegemea kwa sehemu kubwa makala za utafiti alizochapisha mhusika, na makala hizo hupimwa na wataalamu wenzake kabla ya kukubaliwa.

Mtafiti chipukizi ni yule aliye katika sehemu ya chini ya ngazi hizo: anayesoma uzamili au uzamivu, au aliyemaliza uzamivu miaka michache tu iliyopita. Mtu huyu ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Yeye ni mwalimu, kwa kuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza humtegemea. Tena yeye ni mwanafunzi, kwa kuwa bado anajifunza utafiti. Mara nyingi kazi ya kwanza huimeza ya pili.

Mambo yasiyofundishwa na vitabu pekee

Jambo la kwanza ambalo mtafiti chipukizi hana budi kujifunza ni kuuliza swali linaloweza kujibiwa. Mkulima husema, "Mahindi yangu hayastawi." Hayo ni malalamiko ya haki, lakini hakuna jaribio moja linaloweza kuyajibu. Mtafiti huyageuza kuwa swali kama hili: je, mahindi yaliyopandwa pamoja na mmea fulani jamii ya mikunde huvamiwa na funza wa mabua kwa kiasi kidogo kuliko yale yaliyopandwa peke yake? Swali la pili lina vitu vya kuhesabu na vya kulinganisha. Kutoka katika la kwanza hadi la pili ni safari ambayo kijana huifanya akiongozwa na mzoefu.

Jambo la pili ni upimaji. Kitabu kitaeleza jinsi mizani inavyofanya kazi. Hakitaeleza namna ya kutambua kwamba mizani hii iliyo mbele yako leo inadanganya. Jambo la tatu ni hesabu za takwimu, yaani jinsi ya kujua kama tofauti iliyoonekana ni ya kweli au ni bahati tu. Jambo la nne ni kuandika: kueleza kazi kwa namna ambayo mtu aliye mbali anaweza kuirudia na kupata matokeo yaleyale. La tano ni kuomba fedha, kwa kuandika pendekezo linaloonyesha nini kitafanywa, kwa muda gani na kwa gharama gani. La sita ni maadili: kutopika matokeo, kutoiba kazi ya mwingine, na kuwaheshimu watu na wanyama wanaochunguzwa.

Mambo haya hujifunzwa zaidi kwa kukaa karibu na mtu anayeyajua. Ndiyo maana msimamizi mwema ni nafasi ya mafunzo inayopita nyingine zote.

Safari ya Wangari Maathai

Maisha ya Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, hufahamika kwa sababu ya kampeni yake ya kupanda miti. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa mtafiti wa anatomia ya mifugo, na kwamba njia aliyopita yaeleza vema suala hili.

Alipata shahada ya kwanza huko Marekani mwaka 1964, kisha akasomea uzamili wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mwaka 1966 alirudi Nairobi akitarajia kuanza kazi ya msaidizi wa utafiti katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Alipofika aliambiwa kwamba nafasi ile amekwisha kupewa mtu mwingine. Hapo sayansi ya Kenya ingeweza kumpoteza. Aliyemwokoa ni Profesa Reinhold Hofmann, mtaalamu kutoka Ujerumani, ambaye alikuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo na alihitaji mtu anayejua kutayarisha tishu kwa ajili ya darubini. Ufundi huo Wangari Maathai alikuwa ameupata Pittsburgh.

Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani, katika vyuo vikuu vya Giessen na Munich, kuendeleza utafiti wake, na mwaka 1969 akarudi Nairobi kufundisha huku akiikamilisha tasnifu yake. Mwaka 1971 alitunukiwa uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kufikia daraja hilo. Mwaka 1976 aliongoza idara yake, na mwaka 1977 akawa profesa mshiriki.

Katika safari hiyo yaonekana mambo matatu: msimamizi aliyemhitaji, maabara ya ng'ambo iliyokuwa na vifaa, na chuo cha nyumbani alikorudi na kupata kazi. Lingekosekana moja, huenda mengine mawili yasingefaa kitu.

Kwenda na kurudi

Vyuo vingi vimejaribu kuyapata mambo hayo matatu kwa mpango badala ya kuyaachia bahati. Mpango mmoja ni ule wa kwenda na kurudi. Mwanafunzi wa uzamivu huchukua swali lake nyumbani, akakusanya data nyumbani, kisha akaenda ng'ambo kwa miezi kadhaa kutumia mashine zisizokuwapo kwao na kusoma na wenzake. Baadaye hurejea tena uwandani. Huenda na kurudi mara kadhaa mpaka amalize. Sweden, iliyounda shirika lake la ushirikiano wa utafiti, SAREC, mwaka 1975, iliwasomesha kwa njia hii watafiti wengi wa Tanzania, na kuanzia mwaka 2000 wa Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda.

Faida ya mpango huu ni kwamba swali la utafiti hubaki la nchi ya mwanafunzi. Kijana anayekaa ng'ambo miaka minne mfululizo huvutwa na maswali ya maabara iliyomkaribisha. Akirudi hukuta kwamba ufundi wake hauna mashine, na mashine zilizopo hazina kazi yake. Anayekwenda na kurudi huujua ukweli huo mapema, akaupangia.

Shule katika kituo cha wadudu

Njia nyingine ni kuwafunzia vijana hapa hapa Afrika, mahali palipo na vifaa. Mwaka 1970 Thomas Odhiambo, mwanasayansi wa Kenya, alianzisha mjini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE. Mwaka 1983 kituo hicho, pamoja na vyuo vikuu kadhaa vya Afrika, kilianzisha mpango wa uzamivu katika sayansi ya wadudu uitwao ARPPIS. Mwanafunzi huandikishwa na chuo kikuu cha Afrika, na chuo hicho ndicho kinachomtunuku shahada. Utafiti wenyewe huufanyia ICIPE. Huwa na wasimamizi wa pande zote mbili, mmoja wa chuo na mwingine wa kituo.

Katika mazingira kama hayo mwanagenzi hukaa ndani ya kazi zilizo hai. Kuanzia miaka ya 1990, ICIPE na washirika wake waliendeleza mbinu ya "sukuma-vuta". Mkulima hupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua, na mizizi yake huzuia gugu la kiduha. Pembezoni mwa shamba hupandwa majani ya Napier yanayowavuta nondo hao. Mbinu hiyo ilihitaji wajuzi wa wadudu, wa kemia, wa mimea na wa kilimo, pamoja na wakulima wenyewe. Kijana anayejifunza katika kazi ya aina hiyo huona jinsi taaluma zinavyounganishwa, jambo ambalo darasani husikia tu.

Katika fani za afya ya jamii upo muungano wa vyuo uitwao CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 kwa uongozi wa kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kilichoko Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Wanafunzi wake wa uzamivu ni watumishi wa vyuo wanachama. Hukutanishwa katika semina nne za pamoja, zinazowachukua kutoka kuunda swali hadi kuchambua data, kuandika, na kupanga maisha ya kazi. Hivyo mtu aliyekuwa peke yake katika idara yake hupata wenzake wa rika moja kutoka nchi nyingine.

Upweke wa msomi

Upweke si jambo dogo katika sayansi. Mwanafizikia Abdus Salam alirudi kwao Pakistan mwaka 1951 kufundisha huko Lahore, akakuta hana mtu wa kujadiliana naye katika fani yake. Mwaka 1954 aliondoka tena. Kwa sababu hiyo, mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia. Kituo hicho kiliweka mpango unaomwezesha mwanasayansi wa nchi inayoendelea kubaki na ajira yake nyumbani, akaenda Trieste mara kadhaa kwa muda mfupi kusoma na kujadiliana, kisha akarejea. Mwaka 2018 taasisi mshirika wa kituo hicho ilifunguliwa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, ili vijana wa Afrika Mashariki wasilazimike kwenda mbali.

Pengo baada ya uzamivu

Hata hivyo, sehemu ya hatari zaidi katika njia hii huja pale ambapo wengi hudhani safari imekwisha. Mtu amepata uzamivu, ufadhili wa masomo umemalizika, amerudi idarani. Anakabidhiwa madarasa makubwa, mitihani ya kusahihisha na vikao vya kamati. Mashine ya maabara ni mbovu, kemikali huchelewa bandarini, na hajapata bado jina la kumwezesha kupewa fedha nyingi za utafiti. Miaka mitatu ikipita hivyo, ujuzi alioupata huanza kuchakaa kama panga lisilonolewa.

Katika nchi tajiri zipo nafasi maalumu za utafiti baada ya uzamivu, ambapo mtu hulipwa kwa miaka miwili au mitatu afanye utafiti chini ya mzoefu. Nafasi hizo ni chache katika vyuo vyetu. Dawa nyingine ni ruzuku ndogo ya kwanza. Shirika la IFS, lililoanzishwa nchini Sweden mwaka 1972, lilijenga kazi yake juu ya wazo hilo: kumpa mwanasayansi kijana kiasi kidogo cha fedha za vifaa na safari za uwandani, kwa sharti kwamba utafiti ufanyike katika nchi yake. CARTA nayo imetoa ruzuku za marejeo kwa wahitimu wake.

Mataifa yenyewe hayakukaa kimya. Tanzania iliunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, UTAFITI, kwa sheria ya mwaka 1968. Mwaka 1986 ikatungwa sheria ya kuunda Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyochukua mahali pake. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2013, iliunda mfuko wa taifa wa utafiti. Mifuko ya taifa ina umuhimu wa pekee, kwa sababu mfadhili wa nje huweza kubadili nia yake wakati wowote, na hapo mwanagenzi huachwa njiani. Taifa lililomsomesha mtu kwa miaka ishirini, kisha likakosa kumpatia chupa chache za kemikali, limelima, limepalilia, na limeacha mavuno shambani.

Wajibu wa shule za sekondari

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Uanagenzi wa utafiti waweza kuanza kabla ya chuo kikuu, na hauhitaji mashine za gharama. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwazoeza wanafunzi wake mambo haya:

(a) Kuandika daftari la majaribio lenye tarehe, na kutofuta vipimo visivyopendeza.

(b) Kurudia kipimo kimoja mara kadhaa na kueleza kwa nini majibu hutofautiana.

(c) Kuyageuza malalamiko ya kijijini au mtaani kuwa maswali yanayoweza kuhesabiwa.

(d) Kueleza kazi yao mbele ya wenzao na kuvumilia kuulizwa.

Mwanafunzi anayefikiria njia hii naye ajue kwamba, atakapotafuta nafasi ya masomo ya juu, jina la chuo si jambo pekee la kuulizia. Aulize nani atamsimamia, na msimamizi huyo ana wanafunzi wangapi. Aulize data zitakusanywa wapi. Aulize pia, kabla hajasaini fomu yoyote, atarudi kufanya kazi gani na kwa vifaa gani.